MASHAURI YA NYUMBANI: Kasuku Anayejinyonyoa Manyoya

Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Nizi. Jina lake hatulitaji, lakini swali lake ni la jamaa nyingi. Tunaliweka hapa vile alivyoliandika mwenyewe:

"Tuko na kasuku nyumbani tangu miaka mbili. Papa aliinunua kwa mtu aliyetoka pori. Mbele ilikuwa muzuri, ilikuwa naita majina yetu yote. Sasa iko najinyonyoa manyoya. Kifua imebaki uchi sawa kuku ya kupika. Majirani wanasema hii si ndege ya bure, iko na mambo ya uchawi. Wengine wanamwangalia bibi yetu vibaya, sababu ni yeye anaikalisha karibu naye. Papa anataka kununua kasuku ingine ili wakuwe wawili. Mama anasema tuifungulie, iende zake. Tufanye nini?"

Aksanti sana, ndugu yetu kijana, kwa barua hii. Umeuliza mambo manne katika swali moja: ugonjwa wa ndege, habari ya bibi, habari ya kununua ndege wa pili, na habari ya kumfungulia. Tutajibu moja moja, na tutaanza na ile iliyo nzito kuliko zote.

BIBI HANA KOSA

Jambo hili la kasuku kujinyonyoa linajulikana kila mahali ambako watu wanafuga kasuku ndani ya kizimba, au kaji kama wengine wanavyosema. Linaonekana Kinshasa, linaonekana Nairobi, linaonekana Ubelgiji na Marekani. Veterineri wa nchi hizo wote wanalijua, wameliandika katika vitabu vyao vya kazi, na wanalitibu kama wanavyotibu magonjwa mengine. Tena kasuku wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni mmoja wa wale wanaopatwa nalo zaidi. Sasa, je, ndege wa Ubelgiji naye anarogwa na bibi wa Nizi? Hapana.

Wazazi, tunawaomba msikie neno hili vizuri. Katika sehemu zetu mtu mzee ameweza kupoteza makao yake, hata uzima wake, kwa sababu ya maneno ya namna hii ambayo yalianza kidogo kidogo kwenye uzio wa jirani. Baba wa nyumba asingoje maneno yakue. Aende kwa majirani, aseme wazi kwamba ndege ni mgonjwa na kwamba ugonjwa wake una jina na una dawa. Zaidi ya hayo, mtaona hapa chini kwamba bibi huyu anayemkalisha kasuku karibu naye ndiye anayefanya kitu cha maana kuliko wengine wote katika nyumba hiyo.

KASUKU NI NDEGE WA NAMNA GANI?

Watu wengi wanamjua kasuku akiwa kizimbani tu. Wacheni tumwangalie akiwa kwake, porini, upande wa Mambasa na Tshopo.

Kasuku hakai peke yake. Jioni wanakusanyika wengi sana juu ya miti mirefu ili kulala pamoja, na kelele zao zinasikika mbali. Asubuhi wanatoka kwa makundi madogo kutafuta ngazi na matunda mengine ya pori. Wanaruka mwendo mrefu, wanapasua maganda magumu kwa mdomo, wanaitana, wanasafishana manyoya. Dume na jike wanakaa pamoja. Jike anataga mayai mawili mpaka manne ndani ya shimo la mti, anayalalia karibu mwezi mzima, na makinda yanakaa humo majuma mengi mbele ya kuruka. Akitunzwa vizuri, kasuku anaweza kuishi miaka 40, na wengine wanafika hata 60.

Na akili anayo. Mwaka 1977 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa namna hii hii, akamwita Alex. Alimfundisha miaka 30. Alex aliweza kutaja vitu karibu 50, rangi 7, na kuhesabu mpaka 6. Alipoonyeshwa vitu viwili aliweza kusema kama vinafanana au vinatofautiana, na kwa jambo gani. Alikufa mwaka 2007. Maneno mengine alikuwa akiyasema kwa kujua anachotaka: akiomba ndizi na kupewa kitu kingine, alikikataa.

Sasa mchukue ndege wa namna hiyo, mfungie katika kizimba cha hatua moja, kwenye baraza. Asubuhi baba anakwenda machimboni, mama anakwenda sokoni, watoto wanakwenda masomoni. Bakuli lake limejazwa, chakula anakimaliza kwa dakika chache. Halafu? Jua linapanda, jua linashuka, hakuna wa kumwita wala wa kumjibu. Mdomo uliofanywa kwa kupasua ngazi mchana mzima hauna kazi. Kitu cha karibu ni manyoya yake mwenyewe. Anasafisha moja, anavuta lingine, kesho anarudia. Ni sawa na mtu anayekula kucha zake: mwanzo ni wasiwasi, mwisho ni mazoea, na mazoea ni magumu kuacha.

Porini, kasuku aliyejinyonyoa kifua hivi ni kitu ambacho karibu hakijulikani. Ni ugonjwa wa kizimba.

MBELE YA KUSEMA NI UPWEKE, TAFUTA UGONJWA

Hata hivyo haifai kukimbilia jibu moja. Kuna magonjwa ya mwili yanayoleta hali kama hiyo. Fanya uchunguzi huu mchana, mahali penye mwangaza:

1. Angalia kichwa. Kasuku hawezi kufikisha mdomo wake kichwani kwake. Kama kifua na miguu ni uchi lakini manyoya ya kichwa ni mazima, basi anajinyonyoa mwenyewe. Kama na kichwa ni uchi, kuna ndege mwingine anayemnyonyoa, au kuna ugonjwa.

2. Tofautisha na kubadili manyoya. Kila ndege anaangusha manyoya ya zamani na kuotesha mapya. Hapo unaona manyoya chini ya kizimba, lakini ngozi haibaki uchi, na machipukizi mapya yanaonekana.

3. Angalia umbo la manyoya mapya. Yakitoka yamepindika, yamekonda katikati au yanakatika, na mdomo unavunjika-vunjika, inawezekana ni virusi vya mdomo na manyoya. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na unaambukiza kasuku wengine.

4. Gusa mfupa wa kifua. Ukiwa mkali kama kisu, ndege amekonda. Akiwa anasinzia mchana, anapumua kwa shida, au mavi yake yamebadilika, huyo ni mgonjwa wa kitu kingine, tena haraka inatakiwa.

5. Angalia ngozi kama kuna wadudu, vidonda au damu.

6. Angalia mabawa. Wanaokamata kasuku porini mara nyingi wanakata manyoya ya mabawa ili asiruke. Yakikatwa vibaya, vipande vilivyobaki vinachoma ngozi, na ndege anaanza kuvitafuna. Hapo ndipo wengine wanapoanzia kujinyonyoa.

Ukiona alama za namba ya 3, 4 au 5, uliza veterineri wa serikali wa karibu, au mpeleke Bunia. Na neno moja kwa ajili ya watu: kasuku anaweza kuwapa watu ugonjwa wa mapafu kwa njia ya vumbi la mavi na manyoya yake. Nawa mikono kwa sabuni, nyunyiza maji kwenye kizimba mbele ya kufagia, usimlishe ndege kwa mdomo wako. Mtu wa nyumba akipata homa kali na kikohozi, mwambie daktari kwamba mnafuga kasuku. Asipoambiwa, hawezi kukisia.

CHAKULA

Nyumba nyingi zinampa kasuku karanga, mchele na mkate, basi. Hicho ni chakula cha kushibisha, lakini ngozi na manyoya havijengwi kwa karanga peke yake. Kasuku anahitaji vitamini A, na kasuku wa kijivu hasa anapungukiwa upesi na kalsiamu. Mambo haya yote tunayo hapa kwetu bila kununua kitu cha gharama:

Mpe ngazi, ndicho chakula chake cha porini. Mpe papai, embe, ndizi mbivu, karoti, boga pamoja na mbegu zake, mahindi mabichi, maharagi yaliyopikwa bila chumvi, na majani ya lenga-lenga. Maganda ya mayai yachemshwe, yakaushwe, yasagwe, na kuchanganywa kidogo katika chakula. Mweke kwenye jua la asubuhi kila siku, lakini awe pia na upande wenye kivuli.

Usimpe avoka hata kidogo. Sisi tunakula bila shida, lakini kwa kasuku ni sumu. Vilevile kahawa, chokoleti, pombe na vitu vya chumvi nyingi. Karanga zenye ukungu utupe, usizipeleke kwake: zina sumu inayoharibu ini, la ndege na la mtu.

HEWA YA NYUMBA

Hapa tunasema na watu wa machimbo zaidi. Zamani katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji waliingia shimoni na ndege wadogo ndani ya vizimba. Ndege anapitisha hewa nyingi katika mapafu yake kwa upesi, kwa hiyo hewa ya sumu inamwangusha mbele ya mtu. Ndege akianguka, watu walijua kutoka mbio. Kazi hiyo ya ndege ilikoma mwaka 1986, vilipokuja vyombo vya kupima hewa.

Basi, angalia kizimba chako kinatundikwa wapi. Kama ni jikoni juu ya makala, au katika nyumba ambamo watu wanavuta tumbako, ngozi na mapafu ya ndege yanaumia. Kikaango kile cheusi kisichoshika chakula, kikipata moto mwingi kupita kiasi, kinatoa hewa inayoweza kuua ndege kwa muda mfupi.

Tena kuna zebaki, ile ambayo wachimbaji wengi wanaiita merkiri. Wako wanaochoma dhahabu yenye zebaki nyumbani, kwenye jiko lile lile la kupikia. Moshi wa zebaki hauonekani vizuri na hauna harufu, lakini unaingia katika mapafu na kuharibu ubongo na mafigo. Unamdhuru hasa mtoto mdogo na mimba ya mama. Hatusemi kwamba zebaki ndiyo iliyomnyonyoa kasuku wa Nizi. Tunasema hivi: mahali ambapo zebaki inachomwa si mahali pa kutundika ndege, na si mahali pa kulaza mtoto. Ukimhamisha ndege, wahamishe watoto kwanza. Na kazi hiyo ya kuchoma ihame kabisa, iende mbali na nyumba.

Kizimba chenyewe nacho kiangaliwe. Waya mpya unaong'aa umepakwa zinki, na rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Kasuku anatafuna kila kitu, na madini hayo ni sumu kwake. Sugua waya kwa siki na burashi ngumu, suuza vizuri, au mtengenezee kwa fito za mti usiopakwa dawa.

USINGIZI NA HOFU

Kwetu karibu na ikweta usiku una saa 12, na kasuku analala karibu usiku wote. Lakini wengi wanamtundika kwenye nganda au kwenye baraza la duka, ambako muziki na mashini ya umeme vinaendelea mpaka katikati ya usiku. Ndege asiyelala anakuwa na hasira na wasiwasi. Jua likishuka, mwingize ndani mahali pa giza na kimya. Kifua kikiwa uchi baridi ya usiku inamshika, basi funika pande tatu za kizimba kwa kitambaa.

Hofu nayo inanyonyoa. Sisi wa Djugu tumekimbia mara nyingi, katika vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu machafuko yaliyoanza mwishoni mwa 2017. Tunajua mtoto aliyesikia risasi usiku anavyoweza kurudia kukojoa kitandani. Ndege mwenye akili hatofautiani sana na huyo mtoto. Akihamishwa nyumba, akisikia milio, akipotewa na mtu aliyemzoea, anaweza kuanza kujinyonyoa siku zinazofuata. Kijana wetu, kumbuka vizuri: alianza lini? Ni nini kilibadilika nyumbani wakati ule? Nani aliondoka? Mara nyingi jibu liko hapo.

MPE MDOMO KAZI

Sasa tunafika kwenye dawa yenyewe. Mwaka 2003 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walitoa habari ya kasuku wachanga wa jamii ya Amerika ambao walikuwa wanawafuga. Wale waliokaa katika vizimba vitupu walianza kujinyonyoa. Wale waliopewa vitu vya kutafuna, vya kupanda, na chakula cha kutafuta kwa kazi, manyoya yao yalibaki mazuri. Halafu wale wa kwanza nao wakapewa vitu hivyo, na hali yao ikawa nafuu. Hawakupakwa dawa yoyote. Walipewa kazi.

Kazi hiyo tunaweza kuitoa hapa Nizi bila franga:

Usijaze bakuli. Funga karanga tatu ndani ya majani makavu ya mahindi, funga tena kwa kamba ya mgomba, tundika. Afungue mwenyewe. Weka ngazi ndani ya gunzi lililotobolewa au kibuyu kidogo chenye tundu. Mpe matawi mabichi ya mpera pamoja na majani yake, ayavue maganda. Badilisha kila siku mbili tatu, maana akizoea anachoka.

Mwogeshe. Porini anapata mvua. Mara mbili au tatu kwa juma, asubuhi penye jua, mnyunyizie maji safi kama mvua nyepesi, bila sabuni. Ngozi kavu inawasha, na ngozi inayowasha inamwita mdomo.

Mtoe nje ya kizimba kila siku, milango ikiwa imefungwa na paka akiwa mbali. Mkae naye. Mwite, naye aitike. Anapochezea majani yake, mwambie neno zuri, mpe kipande cha papai. Anapojinyonyoa, usipige kelele wala usikimbilie kwake. Mpe tu kitu kingine cha kutafuna, kimya kimya. Kama kila akinyonyoa unamrukia, atajifunza kwamba hiyo ndiyo njia ya kukuita.

Na hapa mwaona kazi ya bibi. Wote wakienda, yeye anabaki. Anamenya maharagi na ndege yuko karibu, anasema naye, ndege anajibu. Huyo bibi ndiye kundi lake la porini lililobaki. Msimwondoe karibu naye kwa sababu ya midomo ya watu.

MAMBO YASIYOFAA

Wako watakaokushauri kupaka mafuta ya taa au mafuta ya mashini ili kuua wadudu. Usikubali. Ndege anasafisha manyoya kwa mdomo, atameza, na anaweza kufa. Dawa ya kunyunyizia mbu au ya shambani ni vilevile.

Mwingine atakuambia upake pilipili ili ukali umzuie. Ni kazi bure. Ndege hasikii ukali wa pilipili kama sisi. Porini na shambani ndege wanakula pilipili na kutawanya mbegu zake.

Usimpige, usimfunge mdomo, usimnyime chakula. Ndege aliyenyonyoka kwa wasiwasi akipigwa, umeongeza wasiwasi.

TUNUNUE WA PILI?

Sasa neno kwa Papa. Baba, wazo lako limetoka katika moyo mzuri. Umeona ndege ana upweke, ukataka kumpa mwenzake. Lakini uliza huyo mwenzake atatoka wapi.

Wawindaji wanapaka ulimbo kwenye matawi, wanamfunga kasuku mmoja hai hapo juu alie, na wenzake wanaposhuka kumfuata wananaswa. Kwa sababu wanapendana, ndiyo maana wanakamatwa kwa wingi. Wengi wanakufa njiani kwa kiu, kwa vidonda, kwa kubanwa ndani ya vikapu, na yule mmoja anayefika sokoni tunamwona mzuri. Kati ya mwaka 1982 na 2001 kasuku wa kijivu zaidi ya 1,300,000 waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya mataifa. Nchini Ghana, ambako zamani walikuwa wengi, leo karibu wamekwisha. Kwa ajili hiyo mataifa yalikutana Johannesburg mwaka 2016 katika mapatano yanayoitwa CITES, wakakata neno: tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya mataifa ya kasuku wa porini imekatazwa.

Kwa hiyo ukinunua wa pili, unamwambia mwindaji arudi porini. Na hata dawa yenyewe si ya hakika. Ndege wawili wasiojuana wanaweza kupigana, na yule mgeni anaweza kuleta vile virusi tulivyotaja juu. Franga za kununua kasuku zitafanya kizimba kikubwa zaidi na zitabaki.

TUMFUNGULIE?

Mama naye amesema kwa huruma. Lakini Nizi ni vilima, mashamba na mikaratusi; pori lake liko mbali. Mabawa yamekatwa, kifua ni uchi, hakuna kundi la kumpokea, na miaka miwili amelishwa kwa mkono. Ukimfungulia asubuhi, jioni yuko mdomoni mwa mbwa au mkononi mwa muuzaji mwingine. Na kama ana virusi, akifika porini atawaambukiza wenzake.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya haki. Kasuku ni mnyama wa kulindwa, na ofisi inayohusika katika nchi yetu ni ICCN. Katika Ituri wanafanya kazi Epulu, kwenye hifadhi ya okapi. Wazazi wanaweza kuwauliza, pamoja na mtu mzima wa kuaminika, kama kuna mahali anapoweza kupokelewa. Kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji, kimekwisha kupokea kasuku pia. Huko ndege anakaa kwanza na wenzake, manyoya yanaota, anajifunza kuruka tena. Wakati na njia za kusafiri si rahisi siku zote, hilo tunalijua. Mpaka mlango huo ufunguke, yeye ni mgeni wenu, na mgeni anatunzwa.

ITACHUKUA MUDA GANI?

Msitazame kila siku, mtakata tamaa. Unyoya ulionyonyolewa unahitaji majuma au miezi kuota. Pengine mwaka utapita mbele ya kifua kufunikwa. Na kama amevuta mahali pale pale kwa muda mrefu, mizizi ya unyoya inaweza kuwa imekufa, na pengine hautaota tena. Hata hivyo ndege mwenye kifua uchi anayekula, anayecheza na kuita majina yenu ni ndege aliyepona katika jambo kubwa.

Mgawane kazi. Watoto wakate matawi na kufunga karanga katika majani. Mama achague matunda, na siku ya papai apate na yeye kipande cha kwanza. Baba atengeneze kizimba kipana, na aseme na majirani. Bibi aendelee kukaa naye. Wewe kijana uliyeandika, shika daftari: kila Jumamosi andika hali ya kifua, chakula alichokula, na mambo yaliyotokea nyumbani juma hilo. Baada ya miezi mitatu utaona wewe mwenyewe ni kitu gani kinachomsaidia na kitu gani kinachomrudisha nyuma. Utuandikie tena, tutafurahi kusoma.

Kumbukeni pia kwamba kasuku huyu anaweza kuishi kuliko bibi, pengine kuliko wazazi. Basi zungumzeni sasa nani atamtunza. Na siku kizimba hicho kitakapobaki kitupu, kwa kifo au kwa kupelekwa kwa wenzake, msikijaze tena.